Babu Yangu na Dhahabu ya Kilo

Babu mzaa baba hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Hapa Bunia, Ituri, ukoo wetu ulihifadhi mambo matatu tu ya kukadiria miaka yake: alipelekwa Kilo, kwenye migodi ya dhahabu, kabla ya kufa yule mfalme wa Wabelgiji aliyeanguka mlimani, baba alizaliwa askari walipokwenda Abisinia, naye babu alizikwa mwaka ziwa letu lilipobadilishwa jina. Kwa hayo matatu nimemtafuta.

Mfalme huyo ni Albert wa Kwanza, aliyefariki Februari 1934. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa Kilo tangu 1903, na mwaka 1926 migodi ikawekwa chini ya kampuni ya Kilo-Moto. Machifu walidaiwa vijana kama walivyodaiwa kodi. Bibi alisimulia kwamba babu na wenzake waliondoka kijijini alfajiri, wamefungwa kamba shingoni, mmoja nyuma ya mwenzake, polisi wa chifu wakiwalinda mbele na nyuma. Aliyejikwaa aliwavuta wote. Huko Kilo alichota changarawe mtoni, maji yakimfika kiunoni, akalipwa faranga chache na posho.

Mwaka 1941 askari wa Force Publique, jeshi la koloni la Wabelgiji, walipita Sudani hadi Abisinia, na Julai Waitaliano wakasalimu amri mbele yao huko Saio. Mwaka huo ndipo baba alipozaliwa. Mwaka uliofuata siku za kazi ya lazima vijijini zikapandishwa kwa ajili ya vita, kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Kwa hiyo ndugu za babu waliobaki nyumbani nao waliibeba vita ile, kwa jembe.

Mwaka 1972 Rais Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo. Babu akabadilishiwa karatasi akiwa mzee; ndiyo maana jina lake la kwenye kitabu cha ubatizo si lile la kwenye kitambulisho. Mwaka 1973 Ziwa Albert likaitwa Mobutu Sese Seko, na babu akazikwa.

Vitabu vingi vya Kilo-Moto vinahesabu dhahabu kwa tani. Waliovuja jasho kuitoa hawamo kwa majina. Nayo vita ya 1999 hadi 2003 ilichoma nyumba nyingi za Ituri pamoja na makaratasi yaliyokuwamo. Ndugu msomaji, kama una mzee nyumbani, muulize leo chifu wake alikuwa nani, alifanya kazi wapi, alisikia vita gani. Andika majibu yake, na majina yake yote mawili.