RIMPAC: Mambo 5 ya Kujua Kuhusu Mazoezi Makubwa Zaidi ya Wanamaji Duniani

Kila baada ya miaka miwili, Hawaii hujaa manowari hadi mtu adhani vita imeanza. Tulia msee, hiyo ni RIMPAC.

1. Ilianza kitambo
Waandalizi ni Marekani na base yao ni Pearl Harbor, bandari ileile Japani ilishambulia 1941. Mazoezi yalianza 1971 na nchi tano tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand. Japani yenyewe iliingia 1980. Adui wa jana, beshte wa leo.

2. Namba ni noma
2024 walikuja nchi 29, meli 40, nyambizi 3, ndege zaidi ya 150 na watu zaidi ya 25,000.

3. Wanafanya nini huko?
Wanawinda nyambizi, wanategua mabomu ya baharini na kujifunza kuokoa watu wakati wa majanga. Pia huzamisha meli zilizostaafu. 2024 walizamisha Tarawa, manowari ya mita 250 hivi, ndefu kuliko viwanja viwili vya mpira! Lakini kazi yenyewe ni kuelewana. Meli ya Chile na ya Korea Kusini zisipozoea kuongea kwa redio saa hii, siku ya ngori zitasumbuana badala ya kusaidiana.

4. Mwaliko ni siasa
China ilialikwa 2014, na bado ikatuma meli nyingine ya kupeleleza ikae hapo pembeni. Ikarudi 2016. 2018 Marekani ikaichuja, ikisema inaweka silaha kwa visiwa vinavyozozaniwa kwenye Bahari ya Kusini ya China. Hata New Zealand iliwahi kukaa nje miaka mingi juu ilikataa meli za nyuklia bandarini kwake. Ilirudi 2012.

5. Si kila mtu anafurahia
Wenyeji wa Hawaii hawajasahau Kahoʻolawe, kisiwa ambacho jeshi la Marekani liligeuza uwanja wa kulengea mabomu mpaka 1990. Kilishasafishwa, lakini si chote. Kuna sehemu huwezi kanyaga hadi leo, mabomu ambayo hayakulipuka bado yako kwa mchanga.

So ukiskia RIMPAC imeanza, usihesabu meli tu. Angalia nani ameitwa na nani ameachwa. Hapo ndio utajua nani anajipanga na nani, na dhidi ya nani.