Mkato katika Kiingereza

Mkato (pia: koma au kipumuo) ni alama ya uakifishaji inayoandikwa hivi: , . Katika lugha ya Kiingereza hutumika kutenganisha maneno na vishazi ndani ya sentensi. Ingawa msomaji mara nyingi hupumua kidogo anapoufikia, mahali pake katika Kiingereza cha leo huamuliwa zaidi na muundo wa sentensi kuliko pumzi.

Asili

Neno koma lina asili ya Kigiriki, likiwa na maana ya "kipande kilichokatwa". Umbo la sasa la alama hiyo lilienezwa na mchapishaji Aldus Manutius mjini Venice, Italia, mwishoni mwa karne ya 15.

Matumizi

Mkato hutumika hasa:

- kutenganisha vitu katika orodha: "maize, beans and rice";
- kabla ya kiunganishi kinachounganisha vishazi huru viwili: "The rains came, but the river stayed low". Kuviunganisha kwa mkato peke yake huhesabiwa kuwa kosa; bila kiunganishi hutumika nukta au nuktamkato;
- baada ya kishazi tegemezi kinachotangulia: "When the bell rang, the pupils went home";
- kutenga jina la anayeambiwa: "Thank you, Asha";
- kuzingira maelezo ya ziada. "My brother, who lives in Arusha, is a nurse" huonyesha kwamba msemaji ana kaka mmoja, naye anaishi Arusha. Bila mikato hiyo miwili, sentensi hudokeza kwamba ana kaka wengine, na anayetajwa ni yule wa Arusha.

Mkato mmoja hauwekwi kati ya kiima na kitenzi chake, hata kiima kikiwa kirefu. Kwa hiyo "All the children in our village, walk to school" si sahihi.

Mkato wa Oxford

Mkato wa Oxford ni ule unaowekwa kabla ya "and" au "or" mwishoni mwa orodha: "maize, beans, and rice". Umepewa jina hilo kwa sababu hutumiwa na kiwanda cha uchapaji cha Chuo Kikuu cha Oxford. Magazeti mengi ya Uingereza huuacha. Namna zote mbili zinakubalika, mradi mwandishi ashike moja na maana ibaki wazi.

Kukosekana kwake kuliwahi kuleta kesi katika jimbo la Maine, Marekani. Sheria ya jimbo iliorodhesha kazi zisizolipiwa viwango vya saa za ziada, na mwishoni ilitaja "kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza", bila mkato kabla ya "au". Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy walidai kwamba kilichotajwa ni kufungasha tu. Wao walikuwa wakisambaza, hivyo walistahili malipo hayo. Mwaka 2017 mahakama ya rufani iliona kwamba maneno hayo yana utata, ikaamua kwa faida ya madereva. Mwaka 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5 ili kumaliza kesi. Orodha hiyo ya sheria imeandikwa upya, vipengele vyake vikitenganishwa kwa nuktamkato.