Washirazi wa Kilwa

Shiraz ni mji wa Iran. Jina lake ni la kale mno: limo katika vibao vya udongo vya Persepolis, vilivyoandikwa takribani miaka 2,500 iliyopita.

Tarikh ya Kilwa yasimulia kwamba mfalme wa Shiraz aliota panya mwenye pua ya chuma akitoboa ukuta wa mji. Akaona ni ishara mbaya, akaondoka na wanawe sita kwa vyombo saba. Kimoja kikatia nanga Mombasa, kingine Pemba, kingine Anzwani, Komoro. Cha sita kikafika kisiwa cha Kilwa, na kisiwa kikanunuliwa kwa nguo ya kukizunguka chote. Nguo nyingi hiyo!

Lakini Shiraz yenyewe iko bara, si pwani. Bandari kuu ya Waajemi zama hizo ilikuwa Siraf. Hata hivyo ngano haikuzuka hewani. Utafiti wa vinasaba vya mifupa ya makaburi ya pwani ya Waswahili, uliochapishwa 2023, ulikuta nasaba ya kina baba Waajemi na kina mama Waafrika.

Jina la Shiraz nalo limebaki pwani. Kwale, Kenya, kuna kijiji kiitwacho Shirazi. Unguja, mwaka 1957, jina hilo liliingia katika siasa: chama cha Afro-Shirazi.