Waragi Isiyopewa Muda: Pombe Kali ya Kasese na Bwera

Wiski ya Scotland iliyolala miaka thelathini katika pipa la mwaloni lililowahi kubeba mvinyo wa Jerez, Hispania, hutoka na rangi ya mninga na ladha ya tende, zabibu kavu na karafuu. Sehemu kubwa ya utamu huo haitoki kwenye shayiri. Ni kazi ya pipa na ya miaka, na kila mwaka takribani asilimia 2 ya pombe hupotea hewani kama mvuke. Anayeimiliki ni mtu aliyeruhusiwa kungoja. Wapishi wa waragi wa Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, hawakuruhusiwa, na hapo ndipo historia za wiski na waragi zinapoachana.

Ujuzi haukukosekana. Ndizi za pombe huivishwa kwa joto, hukamuliwa kwa miguu pamoja na majani, kisha juisi huchanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa. Siku chache baadaye ni tonto, na ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, upande wa Kongo, pombe ya ndizi huitwa kasiksi. Ikiachwa ichachuke zaidi, huingizwa kwenye pipa la chuma juu ya moto, na mvuke wake hupitishwa kwenye bomba lililozamishwa majini. Kinachodondoka ni enguli, waragi isiyosafishwa.

Upishi huo kwa kawaida huhusishwa na askari wa Kisudani. Mwaka 1891 afisa Mwingereza Frederick Lugard alifika Katwe, penye ziwa la chumvi, akajenga Fort George. Kisha akaenda kwa Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawachukua askari waliokuwa wa Emin Pasha, gavana wa zamani wa Equatoria, chini ya Selim Bey, pamoja na familia zao, na wengi akawapanga katika ngome za Toro, eneo hilohilo la magharibi. Pombe kali ikawa na njia ya kuingilia.

Serikali za kikoloni hazikuchelewa kuikataza. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ulipiga marufuku kutengeneza pombe ya kukenekwa katika sehemu kubwa ya Afrika. Marufuku haikuzima moto. Iliuhamishia vichakani na usiku. Reli ilipofika Kasese mwaka 1956, na mgodi wa shaba wa Kilembe ukaanza kuzalisha, wanaume wenye mishahara waliongezeka, na wanywaji pia. Mitungi ya wiski ya Scotland hutengenezwa kwa shaba, kwa kuwa madini hayo huondoa harufu ya salfa. Lakini mpishi wa Kasese alibaki na pipa la chuma: shaba ya Kilembe ilisafirishwa hadi Jinja kuyeyushwa.

Katikati ya miaka ya 1960, Uganda huru ilitunga Sheria ya Enguli: mpishi awe na leseni, na pombe yake aiuze kwa kiwanda, ambacho kiliisafisha na kuiuza kwa jina la Uganda Waragi. Hapa naona kosa kubwa. Scotland nayo ilikuwa na wapishi wa magendo hadi sheria ya 1823 ilipofanya leseni iwe nafuu. Mwaka uliofuata George Smith wa Glenlivet akachukua yake, na jina likabaki la kwake. Mwaka 1915 Uingereza ikalazimisha wiski ikae ghalani miaka miwili, na 1916 ikawa mitatu. Mpishi wa Uganda alifanywa mleta malighafi. Asiye na leseni aliuza upesi kabla ya askari kufika, na pombe isiyokaguliwa na mtu ikaua: mwaka 2010, wilayani Kabale, makumi ya watu walikufa kwa methanoli.

Wiski ya miaka thelathini haiwezekani Kasese. Joto la bonde lake lingekausha pipa. Huko Bangalore, India, kiwanda cha Amrut hupoteza zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, lakini wiski yake ya miaka minne au mitano imeheshimiwa duniani. Waragi ya ndizi inaweza kupewa miaka hiyo. Bunge la Uganda limpe mpishi mdogo wa Bwera leseni yenye jina lake, maabara ya kupima methanoli iliyo karibu naye, na haki ya kuweka pipa lake ghalani bila kuvamiwa.