Seremala Aliyeweka Tezo Chini

Brahma Sutra ni kitabu cha kauli fupi mno, nyingine za maneno mawili au matatu tu, ambacho shule zote za Vedanta hudai kukifuata. Katika sura yake ya pili imo kauli moja inayomtaja seremala, ikadokeza kwamba hali zake ni mbili, kisha ikanyamaza. Seremala huyo ameingizwa katikati ya swali zito: je, nafsi ya mtu ndiyo itendayo matendo yake, au matendo hutukia tu na nafsi ikajidhania kuwa mtenda? Wafafanuzi wawili waliotenganishwa na karne tatu hivi, Shankara na Ramanuja, walimtazama seremala yuleyule, na kila mmoja akamwona mtu mwingine kabisa.

Neno lililogombaniwa ni karta, yaani mtenda. Karne nyingi kabla yao, mwanasarufi Panini alikwisha kulifafanua: mtenda katika sentensi ni yule anayejitegemea. Ilikuwa kanuni ya sarufi, lakini sarufi ndiyo iliyokuwa mlango wa elimu zote za Kisanskriti, na kanuni hiyo ilipoingia katika falsafa ilibeba dai zito, kwamba kumwita mtu mtenda ni kumwita huru. Msemaji wa Kiswahili atauona mtego huu upesi, maana lugha yake yaweza kusema kwamba mtungi umevunjika bila ya kumwachia mvunjaji hata nafasi tupu. Wahindi waliuliza kama maisha yote ya mwanadamu hayasemwi kwa usahihi zaidi katika kauli ya kutendeka.

Kulikuwa na jibu la kale lililotisha. Makkhali Gosala, aliyeishi zama za Buddha, alifundisha kwamba juhudi ya mtu haibadilishi chochote, na kwamba safari ya kila kiumbe hufunguka kama kidonge cha uzi mpaka uzi uishe. Wafuasi wake, Waajivika, hawakuwa kikundi cha vichochoroni: mapango ya Barabar huko Bihar yana maandishi yanayoonyesha kwamba walipewa makao hayo katika enzi ya Ashoka, karne ya 3 kabla ya Kristo. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba Buddha, aliyekana kuwapo kwa nafsi ya kudumu, ndiye aliyelishutumu fundisho la Gosala kuliko mafundisho mengine yote. Kukana nafsi na kukana juhudi yalikuwa mambo mawili mbalimbali tangu mwanzo, ijapokuwa wasomaji wa leo huyachanganya kila mara.

Bhagavad Gita haikuufungua ugomvi huo, iliukaza. Mlango wa 3 unafundisha kwamba matendo hufanywa na nguvu za maumbile, na mtu hujiita mtenda kwa kupumbazwa na ahankara, ule umimi unaojidai kumiliki kila kinachopita mbele yake. Katika mlango wa 18 Krishna anamwonya Arjuna kwamba hata akikataa kupigana, tabia yake mwenyewe itamsukuma vitani. Beti chache tu baadaye anamwambia ayatafakari yote aliyoyasikia, kisha afanye apendavyo. Hakuna mfafanuzi aliyeweza kuzipita beti hizo kwa wepesi.

Shankara, ambaye kwa kawaida huwekwa katika karne ya 8, alimsoma seremala hivi: akiwa na tezo mkononi ni mtenda, naye anataabika, akirudi nyumbani na kuweka zana zake chini hupumzika, wala hajapungukiwa na asili yake hata chembe. Mwili, hisi na akili ni zana. Utendaji wa nafsi umeazimwa kutoka kwao, na anayejiita mtenda ni kama aliyeona kamba gizani akaapa kuwa ni nyoka. Lakini Shankara hakuwa Gosala. Maadamu kosa halijaondoka, wajibu na malipo ya karma vinabaki na nguvu zake zote. Hata Mungu, kwake, ni kama mvua: mvua ni moja, ila tofauti ya mpunga na shayiri imo katika mbegu.

Ramanuja, mwalimu wa Srirangam aliyeishi katika karne za 11 na 12, aliona seremala mwingine. Zana zake zi tayari kando yake. Akitaka atafanya kazi, asipotaka hafanyi. Tezo halijichukui lenyewe. Kama akili, ambayo ni zana, ndiyo ingekuwa mtenda, ingetenda bila kukoma, kwa kuwa zana haina kutaka wala kutotaka. Kwa hiyo nafsi ni mtenda wa kweli, ila tendo lake halitimii bila ya idhini ya Mungu. Mfano alioutoa ni wa mali ya watu wawili: mmoja hawezi kuihamisha bila ya ruhusa ya mwenzake, lakini aliyetaka kuihamisha ndiye mwenye kuvuna matokeo. Msomaji aliyelelewa katika mijadala ya kadari na kasbu ya Waashari atajihisi yu karibu na nyumbani. Ukaribu huo ni wa swali zaidi kuliko wa jibu.

Kwa usomaji wa matini peke yake, Ramanuja ana hoja iliyo imara zaidi, kwani kauli zinazomtangulia seremala zote zinatetea utendaji wa nafsi, na Shankara analazimika kuzipindua kwa kauli moja fupi. Lakini ubishi haukuwa wa matini tu. Ramanuja alihitaji mtu anayeweza kupenda, na kwa hiyo anayeweza kukataa. Shankara alihitaji nafsi inayoweza kuokoka kabisa, kwa kuwa kilicho asili ya kitu hakiondoleki: kama taabu ya utendaji ni asili ya nafsi, basi haina mwisho.

Gharama ya jibu la Shankara ilionekana Tiruvannamalai mwaka 1898. Kijana aliyekuja kujulikana kama Ramana Maharshi, aliyezaliwa 1879, alikuwa ameondoka nyumbani mwaka 1896 akiwa na miaka 16. Mama yake, Alagammal, alimfuata na kumsihi kwa machozi arudi. Kijana alikuwa hasemi. Hatimaye alimwandikia katika karatasi kwamba Mwenye kuamua huwaendesha watu kwa kadiri ya matendo yao yaliyokwisha kuiva, kwamba lisilokuwa la kuwa haliwi hata likihangaikiwa, na kwamba lililo bora ni kunyamaza.

Maneno hayo yanatisha kwa jinsi yanavyofanana na ya Gosala. Baadaye Ramana alifundisha kwamba ubishi wa hiari na majaaliwa huwashughulisha wale tu wasiojua chimbuko la yote mawili, na kwamba anayeuliza kama yu huru amchunguze kwanza huyo anayeuliza. Hilo ni jibu la Shankara lililonolewa. Lakini Alagammal hakuwa ameuliza swali la falsafa. Alikuwa amekuja kumchukua mwanawe.

Alirudi nyumbani bila ya kijana huyo. Mwaka 1916 alikuja tena, safari hii akakaa, akawa anawapikia waliokuwa na mwanawe mlimani. Alifariki mwaka 1922, mwanawe akiwa kando yake kutwa nzima, mkono mmoja kichwani pake na mwingine kifuani. Kaburi lake lilichimbwa chini ya mlima, na Ramana, ambaye hakuna aliyempangia kuhama, akashuka na kuishi hapo mpaka alipokufa mwaka 1950.