Dawa ya Meno Nyuma ya Ukuta wa Ushuru

Mwaka 1917 serikali ya kikoloni iliziunganisha Kenya na Uganda katika eneo moja la forodha, na kufikia 1927 Tanganyika nayo ilikuwa ndani kikamilifu. Bidhaa za nje zilitozwa ushuru wa namna moja, ilhali za ndani zilivuka mipaka bure. Kwa kuwa reli, mitaji na walowezi wengi walikuwa Kenya, viwanda navyo vilijengwa huko. Mnunuzi wa Tanganyika alilipa bei iliyopandishwa na ushuru ili kulinda viwanda ambavyo havikumwajiri nduguye.

Manung'uniko hayo yaliendelea baada ya uhuru. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1967 uliziruhusu Tanzania na Uganda kutoza kodi ya uhamisho kwa baadhi ya bidhaa za jirani, ili viwanda vyao vichanga vipate kukua. Dawa hiyo haikutosha. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983.

Kwa nadharia, huo ulikuwa wakati wa neema kwa mwenye kiwanda Tanzania, maana mshindani alikuwa amefungiwa nje. Lakini wanaokumbuka mwanzo wa miaka ya 1980 wanakumbuka foleni za sabuni, sukari na dawa ya meno, na bidhaa za magendo kutoka Kenya. Wapo wanaoilaumu sera ya Ujamaa. Wengine hutaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na kuanguka kwa bei ya kahawa. Kila upande una hoja, ila sababu zote hizo zilimfikia mwenye kiwanda kwa njia moja: ukosefu wa fedha za kigeni. Asiye na dola hakuweza kuagiza malighafi wala vipuri, na mashine zikasimama. Mwaka 1984 serikali ililegeza kamba, ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na rafu za maduka zikaanza kujaa.

Hatua iliyofuata ni ya 2005, Umoja wa Forodha wa Jumuiya mpya ulipoanza kazi kwa viwango vitatu: malighafi asilimia 0, bidhaa za kati 10, na bidhaa zilizokamilika 25. Dawa ya meno iliwekwa katika kundi la mwisho. Tuseme shehena yake inafika bandarini kwa shilingi 100; ikishalipiwa ushuru inakuwa 125. Kiwanda cha Dar es Salaam kinachoagiza malighafi ya shilingi 60 bila ushuru kinabakiwa na 65 za mishahara, umeme na faida, mahali ambapo bila ukuta kingebakiwa na 40. Malighafi hiyo ikitozwa asilimia 10, zinabaki 59. Kwa hiyo, ushuru wa malighafi hupunguza ulinzi unaotolewa na ule wa bidhaa yenyewe. Dawa ya meno ya Whitedent, inayotengenezwa Dar es Salaam, inauzwa katika soko lenye ulinzi huo.

Hata hivyo, ukuta ulikuwa na mlango. Mwaka 2000 Kenya na Misri ziliingia pamoja katika eneo huru la biashara la COMESA, yaani Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, na mwaka huohuo Tanzania ikajitoa katika COMESA. Bidhaa za Misri zikapata njia ya kuingia Nairobi bila ushuru. Kampuni ya chokoleti ya Cadbury ilipofunga kiwanda chake cha Nairobi mwaka 2014, ilisema itawahudumia wateja kutoka Misri na Afrika Kusini. Hivyo hata vitamu vinavyoozesha meno vilipitia mlango huo.

Kuhusu drili na vifaa vingine vya daktari wa meno, Jumuiya ilivipa asilimia 0, nami naona ilifanya sawa. Vingi huagizwa kutoka mbali, na ushuru wa asilimia 25 ungelipwa na mgonjwa muda mrefu kabla ya kiwanda cha kwanza kufunguliwa.