Kioo cha Mbele na Mwezi wa Senene

Mjomba wangu alinunua gari lake la kwanza, mtumba wa Japani, katika miaka ya tisini. Lilishushwa Bukoba kutoka kwenye meli ya Mwanza, na ukoo mzima ukalizunguka kama bibi harusi. Boneti ilipofunguliwa tulikuta, karibu na betri, kopo jeupe la plastiki lenye kifuniko cha buluu. Ndani yake mlikuwa na maji ya buluu, meupe kidogo kama wino uliozimuliwa. Kifuniko kilikuwa na maandishi ya Kijapani, na kando yake picha ya kioo cha gari kikirushiwa matone. Mjomba akasema hayo ni ya rejeta. Fundi akasema hapana, ni ya betri. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Nikainama, nikanusa, nikasema yananukia kama enkonyagi, ile pombe kali inayokenekwa kutokana na ndizi. Nikapata kofi, kwa sababu mtoto wa kidato cha pili ameijulia wapi harufu ya enkonyagi?

Lakini pua yangu ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na ukweli. Yale maji yalikuwa pombe, na yalitengenezwa kwa ajili ya theluji.

Maji matupu huganda kwenye nyuzi 0. Ethanoli, ambayo ndiyo kilevi cha kwenye pombe ya ndizi ya rubisi na kwenye enkonyagi, haigandi mpaka nyuzi 114 chini ya sifuri. Methanoli, ndugu yake mwenye sumu, ni karibu nyuzi 98 chini ya sifuri. Ukichanganya pombe na maji unapata kitu cha katikati, na kiwanda huandika kwenye chupa kiwango cha baridi ambacho mchanganyiko huo utastahimili. Mhaya, mtu wa kwetu Bukoba, aliyehamia Minnesota au Stockholm hujifunza somo hili katika msimu wake wa kwanza wa baridi, na mara nyingi hujifunza vibaya. Anaona utabiri unasema nyuzi 15 chini ya sifuri, ananunua chupa iliyoandikwa 20, kisha kwa ubahili anaongeza maji ya bomba nusu kwa nusu. Sasa ana chupa inayoganda mapema kuliko anavyodhani. Tena hata asipoongeza maji, gari likienda kasi upepo hufukuza pombe kwanza, na yale maji yanayobaki juu ya kioo huganda mbele ya macho yake. Ndiyo maana wenyeji wa huko hununua ya baridi kali kuliko ile wanayoitarajia, na hawaizimui.

Bukoba haina hayo. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, lakini ziwa linaukumbatia, na hata alfajiri ya Julai beseni la maji haligandi uani. Maadui wa kioo huku ni wengine, na kila zama zilikuwa na wake.

Emin Pasha alipoanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, mizigo ilisafiri juu ya vichwa na ndani ya mitumbwi. Mlango mkubwa ulifunguka upande wa pili wa ziwa, reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901. Tangu hapo meli za moshi zikawa zinabeba kahawa kwenda na kurudi na mabati, nguo na baiskeli. Kahawa yenyewe haikuletwa na mzungu: Wahaya walikuwa wakiichemsha na kuikausha ili kuitafuna na kumkirimu mgeni muda mrefu kabla ya hapo. Kilichokuja na wageni ni gunia, mizani na baadaye lori la kubebea.

Katika miaka hiyohiyo, mbali kabisa na Buhaya, mwanamke mmoja wa Alabama, Marekani, alipanda tramu jijini New York wakati wa baridi. Aliitwa Mary Anderson. Akamwona dereva amefungua kioo cha mbele ili aone njia, huku mvua ya barafu ikimpiga usoni, yeye na abiria wake. Mama huyu akachora mkono wenye mpira unaosukumwa kwa wenzo kutoka ndani, yaani waipa, na Novemba 1903 akapewa hati ya uvumbuzi. Akaipeleka kwa kampuni moja ya Kanada. Wakamjibu kwamba kitu hicho hakina thamani ya kibiashara. Hati ikaisha muda wake bila kumletea senti.

Waipa zilipoanza kujiendesha zenyewe hazikutumia umeme. Nyingi zilivutwa na pumzi ya injini, yaani ule mvuto wa hewa unaotokea injini inapofyonza. Ufundi huo ulikuwa na kasoro moja, na kasoro hiyo ilikutana na mkoa wetu wa Kagera kana kwamba imetumwa. Ukikanyaga mafuta sana, mvuto hupungua na waipa hulegea. Ford Anglia za miaka ya hamsini zilikuwa hivyo mpaka toleo jipya la mwaka 1959 lilipoletewa mota ya umeme. Sasa fikiria barabara inayotoka Muhutwe na kupanda Kamachumu, Aprili, katika ukanda ambao Bukoba pekee hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Dereva akikanyaga mafuta apande, waipa zinasimama katikati ya kioo. Akiachia mafuta aone, gari linataka kurudi nyuma. Aliye na akili alikuwa na mtu wa pembeni.

Mtu huyo alikuwa turniboi. Chama cha ushirika cha wakulima wa Bukoba, BNCU, kilianzishwa mwaka 1950, na bei ya kahawa duniani ilikuwa inapanda. Magunia yalishuka kutoka vijijini kwenda bandarini, na kila lori lilikuwa na kijana wake wa kuweka kigingi kwenye gurudumu, kuchota maji ya rejeta na kufuta kioo. Hata mimi niliyezaliwa baadaye sana niliwakuta bado wanafuta kwa jani la mgomba. Jani bichi, upande wa chini wenye unga mweupe, lililokunjwa mara mbili. Linaondoa matope vizuri kwa sababu ni laini na halikwaruzi, na ukikosa jani katika Buhaya basi umepotea njia. Wengine walisugua tumbaku juu ya kioo kabla ya mvua ili matone yateleze. Tumbaku inasaidia kidogo, kisha inaacha ukungu wa manjano ambao taa za usiku huugeuza kuwa pazia.

Kopo la maji chini ya boneti lilikuwepo duniani tayari. Kampuni ya Trico ya Buffalo, mji wa Marekani unaojulikana kwa theluji, ilianza kuuza chombo cha kurushia maji kwenye kioo mwaka 1936. Mwaka 1968 sheria ya Marekani ikalifanya kopo hilo kuwa lazima kwa gari jipya. Lakini kifaa kufika ni jambo moja, cha kutia ndani yake ni jambo jingine.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, yakashika eneo lote la kaskazini mwa Mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Malori na mabasi ya raia yalikusanywa kutoka pande zote za nchi kubeba askari na vyakula, yakaingia mkoa ambao wakati huo bado uliitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja mwaka 1979. Ilikuwa ni msimu wa mvua za vuli na barabara za udongo. Vita vikaisha, ukata ukabaki. Nakumbuka zaidi foleni za sabuni kuliko kitu kingine chochote cha utoto wangu: mche mmoja ulikatwa kwa uzi vipande vinne, na kila kipande kilikuwa na mwenyewe. Katika nyumba ya namna hiyo, mtu angesema anatia sabuni kwenye gari, wangemwita mhujumu uchumi. Makopo ya waipa yaliyokuwepo yalikaa makavu, au yalihifadhi nati na vipande vya waya.

Ndiyo sababu nasema historia ya maji ya waipa huku kwetu inaanza na Ruksa. Rais Mwinyi, huyo Mzee Ruksa, aliingia madarakani mwaka 1985, biashara ikafunguliwa, sabuni ikarudi madukani, na baadaye mitumba ya Japani ikafuata, kila moja na kopo lake na salio la maji ya buluu kutoka kwenye baridi yao. Yalipokwisha, watu walijaza maji ya ziwa. Mjomba alifanya hivyo. Baada ya miezi michache vitundu vya kurushia vikaziba kwa ukijani, akavizibua kwa sindano ya cherehani, vikaziba tena.

Kisha barabara ikabadilika. Lami ilikuja kwa vipande, kutoka Mutukula mpaka Muhutwe, halafu kusini kupitia Muleba kuelekea Biharamulo. Vumbi jekundu na matope vikapungua, mwendo ukaongezeka, na mwendo ulipoongezeka wadudu wakaanza kupasukia kwenye kioo.

Kuna vile vijidudu vya ziwani, ambavyo hutoka majini kwa mawingu mwezi unapokuwa umeandama tu, na kwa mbali utadhani ni moshi wa shamba linalochomwa. Na kuna senene. Senene huja na mvua za mwisho wa mwaka. Majirani zetu Waganda wameupa Novemba jina lao, Musenene. Hufuata taa. Ndiyo maana wategaji wa Bukoba huwasha balbu kali juu ya mabati yaliyoegemezwa kwenye mapipa, na ndiyo maana gari lenye taa kali ni mtego unaotembea.

Senene mkavu, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Huo ndio utamu wake kwenye kikaango, na ndio ubaya wake kwenye kioo. Ukirusha maji matupu na kuwasha waipa, unakuwa umepaka siagi. Maji hayaondoi mafuta. Sabuni na pombe ndizo zinazoyaachanisha na kioo. Kwa hiyo ile chupa ya theluji iliyokuja na gari la Mjapani ilikuwa, kwa bahati tu, dawa ya Novemba yetu. Ina faida nyingine pia. Mwaka 2010 wataalamu wa afya wa Uingereza waligundua bakteria wa ugonjwa mbaya wa mapafu katika gari moja kati ya matano yaliyotiwa maji matupu; kwenye yaliyokuwa na dawa ya kioo hawakuwakuta. Maji ya vuguvugu yanayokaa karibu na injini ni nyumba nzuri kwa viumbe, na huku kwetu vuguvugu hilo ni la mwaka mzima.

Mimi mwenyewe nililipia ujinga wangu. Gereji moja mjini ilinijazia kopo la waipa kulanti ya kijani, fundi akiamini rangi ni rangi. Usiku huo, nikiteremka kuelekea Kemondo, nikabonyeza. Kioo kizima kikateleza kama kilichomwagiwa uji wa mlenda, na taa za lori lililokuwa linakuja zikapasuka kuwa nyota mia. Nilisimama pembeni, moyo unadunda, nikafuta kwa shati.

Tangu hapo najitengenezea. Nakinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi, kwa sababu hayana chumvichumvi ya kuacha alama. Kwenye lita mbili natia kijiko cha chai cha sabuni ya maji, si ya unga. Ya unga hulala chini na kuziba vitundu. Naongeza kikombe kidogo cha spiriti ya duka la dawa. Chupa za dukani nazo si mbaya, ila tikisa kwanza: isiyotoa povu hata kidogo yaweza kuwa rangi na maji tu. Na yoyote ile isihifadhiwe kwenye chupa ya soda, mtu asije akainywa, maana nyingine zina methanoli. Mwaka 2010, ng'ambo ya mpaka huko Kabale, Uganda, watu wapatao 80 walikufa kwa pombe kali ya waragi iliyochanganywa na methanoli. Mwili huigeuza methanoli kuwa asidi inayoshambulia macho kabla ya kuua. Umoja wa Ulaya umeizuia kwenye maji ya kioo yanayouzwa kwa wananchi tangu Mei 2019, isipokuwa kiasi kisichofika asilimia 0.6.

Novemba iliyopita nilikuwa natoka Muleba usiku na kijana aliyeomba lifti hadi Muhutwe. Kabla hatujafika Muhutwe senene wakatuvamia, kijani na kahawia, wakigonga kioo kama mvua ya mahindi. Nikapunguza mwendo na kupeleka kidole kwenye wenzo wa maji. Kijana akanishika mkono.

"Mzee, samahani, usipulize sabuni kwanza. Simama kidogo."

Akateremka na chupa tupu ya maji, akaanza kuwatoa mmoja mmoja, wale wazima tu, kutoka kwenye mfereji wa waipa.